Nusu ya Somo la Biolojia

Mimi ni dalali wa mbuzi hapa Garsen, na kwa kuwa ni Mpokomo, hilo peke yake ni kichekesho. Kwetu mtu huzaliwa na jembe mkononi. Mbuzi tunamfahamu vizuri akishaingia kwenye pilau. Waorma wanaoniletea mifugo hunitazama kama samaki aliyefungua duka la kuni. Lakini nimekaa sokoni miaka kumi na saba, na mbuzi wote wa kaunti hii wananijua kwa sura.

Nilianza masomo ya jioni nikiwa na umri wa miaka arobaini. Tulisomea kwenye darasa la shule ya msingi, baada ya swala ya magharibi, kwenye madawati ya watoto wa darasa la tatu. Ukikaa, magoti yanakuja kukusalimia masikioni. Hesabu ilinipiga, Kiingereza kikanipiga, ila biolojia tulipendana. Mwalimu wetu alikuwa msichana ambaye ningeweza kumzaa, na alifundisha habari za chembechembe za mwili kana kwamba anasengenya majirani. Katika mtihani wa kidato cha nne nilipata C ya biolojia, ambayo habari zake kufikia mji jirani wa Minjila ilikuwa imeshakuwa A.

Haya ninayoyasimulia yalitokea kabla ya mtihani, mwaka ule tulipofika kwenye mada ya urithi.

Nyumbani tulikuwa na mtoto mmoja tu, binti wa miaka mitano, tuliyempata wakati watu wameshachoka kutuuliza. Alizaliwa wiki tatu baada ya mafuriko yale makubwa yaliyoimeza mitaa ya chini ya mji. Mafuriko hayo nimeyasimulia mara elfu kwenye hoteli ya mke wangu, pale karibu na steji ya mabasi ya Lamu, anapouza chai na mahamri. Nimesimulia mamba aliyeingia jikoni akafunua sufuria. Nimesimulia nilivyombeba mke wangu mjamzito mabegani, maji yakinifika kidevuni, huku meno yangu yameuma kamba ya mbuzi wanne. Abiria walikuwa wakiacha basi liondoke ili nimalize.

Mke wangu hakuwahi kutia neno katika hadithi hiyo. Alikuwa akikanda unga.

Binti yetu alikuwa mwoga. Sisemi woga wa kawaida wa mtoto, wa giza au wa sindano. Sufuria ikianguka kwa jirani, yeye anatetemeka kwetu. Na mvua ikianza kupiga mabati, alikuwa na jambo lake moja. Hakulia. Alivua viatu vyake, akavitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga, akapanda juu ya meza na kukaa kimya na mfuko mapajani, akitazama mlango. Ingenyesha saa moja, angekaa saa moja. Ingenyesha tangu asubuhi hadi adhuhuri, tungemlisha palepale juu ya meza.

Hakuna aliyemfundisha. Mafuriko hakuyaona, alikuwa tumboni. Jambo hilo lilinitia baridi ya mgongo ambayo sikumwambia mtu, kwa sababu mimi ni mtu wa kuchekesha watu, na hilo halikuwa na mahali pa kuchekea.

Basi Jumanne moja mwalimu akaingia darasani akatuambia kwamba baba na mama hawachangii sawasawa kama tunavyodhani. Ndani ya kila chembe ya mwili, alisema, kuna vijinu vidogo vya kutengeneza nguvu, vinaitwa mitokondria, na hivyo mtoto huvipata kwa mama yake tu. Mama naye alivipata kwa mama yake. Halafu kuna miezi tisa. Mama akiwa na hofu kubwa ya muda mrefu, kemikali za hofu hiyo humfikia mtoto wakati ubongo wake unajengwa, na huenda zikaacha alama juu ya jeni zake.

Nilinyosha mkono nikauliza alama gani. Akanijibu kwa lugha yangu mwenyewe.

“Wewe pale sokoni, mbuzi akishanunuliwa mnampaka nini mgongoni?”

“Rangi, mwalimu.”

“Rangi inambadilisha mbuzi?”

“Mbuzi ni yuleyule. Rangi inasema tu apande lori gani.”

“Basi ndiyo hiyo. Jeni ni ileile. Alama inasema isomwe au inyamaze, ipande lori gani.”

Darasa lote lilinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyegundua. Nadhani nilirefuka inchi mbili. Muda si muda betri ya taa ikaisha, na mwalimu akasema somo lina nusu ya pili, tuje Alhamisi.

Mimi sikuwa na haja ya nusu ya pili. Nilishapata nilichokuwa nakitafuta kwa miaka mitano.

Asubuhi yake hoteli ilikuwa imejaa madalali na abiria. Mvua ya kupita ikashuka, binti yangu akavua viatu, mfuko, meza. Dereva mmoja wa lori, mgeni, akauliza mtoto huyu ana nini. Mtu mwenye akili angesema ni mtoto tu. Mimi nilisimama.

Niliwaeleza habari za vijinu, nikawaeleza rangi na lori. Nikasema baba kazi yake ni kupanda mbegu na kwenda zake, mengine yote ni ya mama. Nikasema hofu hii mtoto aliinywa tumboni. Nikamtaja mama mkwe wangu huko Ndera, ambaye kuku akikohoa yeye anakimbilia ndani, nikamtaja na mama yake, nikamtaja na nyanya ambaye sikuwahi kumwona. Ningepewa dakika tano zaidi ningefika kwa Hawa.

“Kwa hiyo mimi sayansi imenitoa kwenye kesi,” nikamalizia. “Huyu ni wa mama yake mzima mzima.”

Walicheka sana. Dalali mmoja akasema sasa ameelewa kwa nini yeye na mama yake wanapenda kulala. Mke wangu alikuwa akimmiminia dereva chai. Kikombe kikajaa, kisahani kikajaa, chai ikatambaa mezani mpaka dereva akaruka, na yeye bado anamimina.

Jioni akaniuliza, akiwa amenipa mgongo, kama ni kweli mwalimu alisema hivyo.

“Neno kwa neno.”

“Kwamba mimi ndiye niliyemwekea.”

“Si kwa makusudi,” nikasema, na nilidhani nimesema jambo la upole.

Kesho yake alfajiri nilipanda lori kwenda Bangale kutafuta mbuzi, na Alhamisi ikanipita huko. Niliporudi Jumamosi nyumba ilikuwa imetulia mno. Mfuko wa plastiki haukuwepo kwenye msumari wake.

Mke wangu akaniambia amempeleka mtoto Ndera kwa mama yake. Nikauliza, kutembea? Akasema, kukaa. Nikacheka, nikamwambia mbona anamtoa kwenye moto anamtia kwenye majivu, si nilisema hata mama yake ni mwoga vilevile?

“Mama amezeeka,” akasema. “Hofu yake imechakaa. Yangu bado ni mbichi.”

Nilidhani atakaa siku tatu achoke. Hakuchoka. Alikaanga mahamri, akafagia, akahesabu vikombe. Alinunua gauni na mafuta ya nywele akayatuma kwa kondakta wa basi, lakini yeye mwenyewe hakupanda hilo basi. Simu ya Ndera ikilia, alinipa mimi nipokee. Mama mkwe alikuwa akiniambia kwa sauti ya chini kwamba mtoto hali ila ugali mkavu, hasemi na mtu, na hata jua likiwaka anakaa mlangoni na mfuko wake. Mimi nikimaliza kusikiliza nilimwambia mke wangu kwamba mtoto amenenepa, ana marafiki saba, na amejifunza kukamua ng’ombe.

Watu wakiuliza, nilisema amekwenda likizo. Katika mwezi ambao shule zote zilikuwa wazi.

Kilichonitisha zaidi nilikiona pale hotelini. Mama mmoja msafiri wa Lamu alitaka kushusha mzigo, akamwelekezea mke wangu kitoto kichanga amshikie kidogo. Ni jambo la kila siku pale steji. Mke wangu ameshika watoto wa pwani nzima. Safari hii alirudi nyuma hatua mbili, akaficha mikono mgongoni. Yule mama alibaki amenyosha mtoto hewani, asijue amekosea nini. Nikamchukua mimi. Kitoto kikanikojolea shati, na sikupata hata utani mmoja wa kusema.

Wiki ya nne ilinijia na balaa dogo. Mbuzi jike niliyemleta jana yake kutoka Bangale katika safari nyingine, aliyesukwasukwa juu ya lori siku nzima, alizaa kwenye boma langu nyuma ya nyumba na akamkataa mtoto. Kila akisogea, pembe. Mimi, kwa usomi wangu, nilimtia kile kitoto ndani ya boksi la sabuni jikoni, nikakinunulia chupa na chuchu ya mpira. Kilinyonya kidogo, kikalia sana.

Asubuhi akapitia nyumbani mama wa Kiorma anayeleta maziwa hotelini kila siku, mwanamke mrefu, mwenye ulimi. Akalisikia boksi linalia. Akalifunua.

“Wewe Pokomo,” akasema, “huyu nani amemtenga?”

Nikamwambia ni mimi, kwa sababu mama yake ni mbaya.

“Mama si mbaya. Mama ametoka kwa lori. Wewe ungepanda hiyo lori unazaa, ungejua hata jina yako?” Akaniuliza kitoto kimelala ndani ya boksi mara ngapi. Nikasema mara moja tu. “Basi bado. Ukifanya siku tatu, nne, harufu inapotea, hapo hata mimi siwezi. Lete chumvi.”

Chumvi mimi ninayo ya kutosha, ila huwa naitia mahali pasipotakiwa. Nilimletea pakiti nzima. Aliichanganya na maji kidogo kiganjani, akampaka yule mwanambuzi kuanzia kichwani hadi mkiani, mpaka akawa kama nyama inayosubiri jiko. Akaniamuru nimshike mama yake pembe, nisimkaze, nisiongee. Akakiweka kitoto mbele ya pua yake.

Mbuzi alipiga chafya. Akakipiga kichwa, si kwa nguvu. Halafu ulimi ukatoka, ukagusa chumvi, ukarudi ndani, ukatoka tena. Alilamba shingo, akalamba mgongo, akalamba mpaka kitoto kikaanguka na kusimama. Tulikaa pale muda mrefu, magoti yangu yanaungua. Kile kitoto kilikuwa kimeshakuwa safi, manyoya yamelala, hakuna chembe ya chumvi iliyobaki, na bado alikuwa analamba.

“Sasa analamba nini?” nikauliza. “Chumvi imekwisha.”

“Analamba mtoto yake,” akasema yule mama, akachukua kibuyu chake cha maziwa akaenda.

Binti yangu alikuwa Ndera siku ya ishirini na tatu.

Sikuoga hata. Nilikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa mwalimu, nikamkuta anaanika nguo, nikamuuliza ile nusu ya pili ilikuwa inasema nini. Akaniuliza Alhamisi nilikuwa wapi. Nikamweleza. Kisha nikamweleza na yote mengine, ya hotelini, ya Ndera, na kwa mara ya kwanza maishani nikasimulia jambo bila kuliongeza kitu.

Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, shuka mbichi mapajani.

Aliniambia kwamba nusu ya pili ilihusu panya. Mama panya anayewalamba sana watoto wake, watoto hao hukua watulivu. Asiyewalamba, hukua wenye wasiwasi. Na watu wa maabara waliwahamisha watoto wa asiyelamba wakawapa anayelamba, nao wakakua watulivu kama waliozaliwa naye. Alama nyingine ziliwekwa baada ya kuzaliwa, kwa ulimi. Kwa hiyo rangi si chapa ya moto, alisema. Huweza kupakwa juu yake rangi nyingine. Kisha akaninyoshea kidole, yule msichana.

“Na binadamu si panya. Hakuna mtu, hata awe profesa, anayeweza kumtazama mtoto mmoja akasema hofu hii ilitoka siku ile. Mimi nilisema ‘huenda.’ Hilo neno hukulibeba?”

Sikulibeba. Lilibaki darasani, pamoja na ile taa.

Nilirudi mbio. Nilikuwa na furaha, na furaha kwangu ni ugonjwa. Nilimkuta mke wangu anaosha birika nikamwaga panya wote kwa pamoja, wale wanaolamba na wasiolamba. Nikamwambia tukamlete mtoto leo leo, kwa kuwa sayansi imesema akikaa na mama yake, akibebwa, akisukwa nywele, hofu itapungua. Nikasubiri ashukuru.

Akaiweka birika chini.

“Kwa hiyo akiogopa ni mimi,” akasema. “Na akitulia pia itakuwa ni mimi.”

Sikuwa nimeliona hilo.

“Katika haya masomo yako yote, baba yake yuko wapi?”

“Baba…” nikaanza.

“Siku zile tisa za mafuriko, baba yake alikuwa wapi?”

Sasa niseme. Sikumbeba mtu mabegani. Hakukuwa na mamba jikoni, au kama alikuwepo, mimi sikumwona, kwa sababu nilikuwa Bangale. Maji yalipopanda nilikuwa nimekwenda kutafuta mbuzi, na barabara ya kurudi Garsen ikakatika. Siku tano za mwanzo haikupitika kwa lori wala kwa punda. Siku ya sita watu walianza kuvuka kwa mitumbwi na kwa miguu. Mimi nilibaki hadi ya tisa. Wafugaji walikuwa wanauza kwa haraka, na nilijiambia kwamba wanawake wa Garsen wana majirani. Niliporudi niliyasikia mafuriko kwake, kidogo kidogo, na kila nilichokisikia nilikivaa mimi. Mbuzi wanne na kamba nilivibuni. Maji ya kidevuni yalikuwa yake.

Tulikaa palepale jikoni, na akanisimulia yale ambayo sikuwahi kumwachia nafasi ayasimulie. Waliwekwa kwenye darasa la shule iliyo juu ya mwinuko, wanawake na watoto. Maji yalipoingia hata hapo, walipanda juu ya madawati. Mtu alikuwa amewaambia lori la kuwahamisha litakuja wakati wowote, wawe tayari. Kwa hiyo alivua viatu, akavitia kwenye mfuko wa plastiki ili visilowe, akaukumbatia juu ya lile tumbo, akatazama mlango. Lori lilikuja siku ya nne. Hakuna usiku aliolala akiwa ameuachia ule mfuko.

Nikamuuliza, sasa mtoto aliujuaje huo mfuko, aliupataje tumboni?

Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

“Mpaka leo mvua ikianza mimi huvua viatu nikavifunga. Hujawahi kuona?”

Miaka mitano. Hapana, sikuwahi. Mvua ikinyesha mimi huwa sokoni, chini ya turubai, ninasimulia mafuriko.

Sasa mimi sijui. Huenda ni damu, huenda ni macho ya mtoto anayemtazama mama yake, huenda ni vyote viwili vimesukwa pamoja hata mwalimu wangu asiweze kuvifumua. Nimelibeba hilo neno, huenda, tangu siku ile, na ni zito kuliko mbuzi.

Kesho yake tulipanda basi la Ndera sote wawili. Njia nzima mke wangu alikalia mikono yake. Kwa mama mkwe tulimkuta binti yetu mlangoni kama tulivyoambiwa, amekonda, gauni jipya linamning’inia. Alipotuona aliingia nyuma ya nyanya yake akashika leso yake kwa ngumi mbili. Hakumkimbilia mama yake. Na mama yake hakumwendea. Alisimama pale uani kana kwamba kuna mstari umechorwa. Nilikuwa na utani tayari ulimini, ule wa ng’ombe na marafiki saba. Nikaumeza.

Mama mkwe alitukaribisha mkekani. Mke wangu akavua viatu, kama mtu yeyote avuavyo viatu mbele ya mkeka, akaketi. Mimi nikavua vyangu.

Mtoto alivitazama viatu vya mama yake. Akaiachia leso ya nyanya. Alikwenda mlangoni akauleta mfuko wake, akaufungua, akachukua kiatu kimoja cha mama yake akakipangusa vumbi, akakitia ndani pamoja na vyake, akachukua na cha pili. Alijaribu kuufunga mfuko, mikono yake haikufika, na mke wangu akanyosha yake kumsaidia. Walifunga pamoja. Ile mikono haikurudi tena mgongoni.

Halafu binti yangu akavigeukia vyangu. Mimi navaa namba arobaini na nne, ambayo watu huijua kama hamsini. Aliukagua mfuko, akavikagua viatu, akautazama uso wangu kwa muda mrefu.

“Vyako havitoshi,” akasema.

Mama mkwe alishika mdomo. Yalikuwa maneno ya kwanza ya mtoto tangu afike pale.

Nikamwambia ni kweli, nitavibeba mwenyewe. Na nilivibeba mkononi, nikatembea pekupeku mpaka barabarani kwenye basi, juu ya miiba, mke wangu mbele yangu na mtoto mgongoni kwake na mfuko mgongoni kwa mtoto. Ilikuwa miiba michache tu. Nasema hivyo kwa sababu nimeapa kutoongeza chumvi tena.

Mvua bado ikipiga mabati, yeye na mama yake huvua viatu. Hofu haijaondoka, na sitamdanganya mtu kwamba imepungua kwa kiasi gani. Nilichofanya ni kununua mfuko mkubwa zaidi, wa kubebea mchele. Mawingu yakikusanyika upande wa mto huwaachia wenzangu mbuzi, nikaenda nyumbani mbio kabla tone la kwanza halijaanguka, ili wanikute nimeshavua.